Difu ipi kwa pikapu ya kuvuta trela: 3.55, 3.73 au 4.10?

Mtu yeyote akitaka kuingia kwenye kazi ya kuvuta trela huku Marekani, iwe ni kubeba magari ya mnada, iwe hotishoti (kubeba mizigo ya haraka kwa pikapu na trela), iwe ana kampa yake tu, ile trela ya kulala, ya kutembea na familia, cha kwanza anachoambiwa ni tafuta pikapu yenye difu ya 4.10 hiyo ndo inavuta. Ushauri huo ulikuwa sahihi enzi giaboksi zina gia nne. Siku hizi namba ya difu ukiiangalia peke yake haikwambii kitu cha maana, unaweza kulipia 4.10 ambayo huihitaji ukawa unachoma mafuta bure kila siku unayotembea tupu, au ukaikataa gari nzuri yenye 3.55 kumbe mzigo wako ingeubeba vizuri tu. Twende taratibu, hesabu zipo lakini ni za kuzidisha na kugawanya, simu inatosha.

1. Kwanza elewa namba yenyewe

3.73 manake propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu, inazunguka mara 3.73 ndo tairi izunguke mara moja. Inatokana na meno. Ndani ya difu kuna kraunwili, ile ringi kubwa, na kuna pinioni ndogo inayoisukuma. Kraunwili ikiwa na meno 41 na pinioni 11, gawanya, unapata 3.73. 41 kwa 10 ni 4.10. 39 kwa 11 ni 3.55. Namba ikiwa kubwa gari inanyanyua mzigo kirahisi zaidi ila injini inazunguka zaidi kwa spidi ileile, ikiwa ndogo ni kinyume chake.

Sasa hapa ndo wengi wanapotea: difu haiongezi nguvu za farasi hata moja. Kama injini yako ina farasi 395 itabaki na hizohizo hata ukifunga 5.13. Difu inachofanya ni kuamua kwenye spidi fulani injini inakuwa RPM ngapi (mizunguko kwa dakika), yaani unaikuta sehemu yake yenye nguvu au unaikuta bado imelala. Ukishalishika hilo, mengine yote yanakuja yenyewe.

2. Jua uzito wako wa kweli

Sio wa kukisia. Pakia trela kama utakavyoipakia siku ya kazi, nenda kwenye mizani ya malori inayoitwa CAT pale truck stop, kituo cha malori, pima. Tuchukue mfano wa mtu mwenye pikapu ya Ford F-150 na trela ya magari mawili: trela tupu paundi 4,000, magari mawili ya paundi 3,500 kila moja, jumla 11,000. Pikapu yenyewe na watu na mafuta weka 5,800. Vyote pamoja 16,800.

Kabla hujaanza kuota difu, angalia hii. Trela ya kawaida ya kufunga kwenye mpira wa nyuma inatakiwa ikandamize pikapu kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake, kwa hiyo hapa tunaongelea kama paundi 1,300 zinakaa mgongoni kwa pikapu. Stika ya njano kwenye nguzo ya mlango wa dereva imeandikwa gari inabeba kiasi gani, F-150 nyingi zinacheza kwenye 1,500 au 1,700 hivi. Toa 1,300, weka wewe na mwenzako, weka boksi la spana na minyororo, umeisha! Hakuna difu itakayokuokoa hapo. Ni springi, ni ekseli, ni breki, ndo zimefika mwisho wake, na mtu wa namna hii anahitaji pikapu ya daraja la juu zaidi, inayoitwa robo tatu tani (kama F-250) au tani moja, sio 4.10. Watu wengi sana wanaolalamika gari haivuti tatizo lao liko kwenye hatua hii hii ya pili.

3. Jua gari ina difu gani sasa hivi

Usimwamini muuzaji. Ford wanaandika kwenye stika ya mlangoni chini ya neno AXLE, kwa F-150 ukikuta 19 hiyo ni 3.55 ya kawaida, L9 ni 3.55 yenye loki (inayoweza kufunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja), 26 ni 3.73, L6 ni 3.73 yenye loki. Chevrolet na GMC za zamani kidogo kuna karatasi ndani ya dashibodi kwenye kile kisanduku cha glavu imejaa herufi, tafuta GU6 ambayo ni 3.42, GT4 ni 3.73, GT5 ni 4.10, na ukiona G80 manake difu ina loki.

Ila stika inakwambia gari ilivyotoka kiwandani, haikwambii mwenye gari wa kwanza alifanya nini. Kwa gari iliyotumika mimi ningehesabu mwenyewe. Zuia tairi za mbele vizuri, weka gia nyutro, piga jeki tairi MOJA ya nyuma iinuke nyingine ibaki chini, weka stendi usitegemee jeki peke yake. Chora chaki kwenye tairi na chaki nyingine kwenye propela. Zungusha tairi iliyo juu mara mbili kamili, mara mbili sio moja, kwa sababu ile ya chini imesimama na difu isiyo na loki inagawa mzunguko nusu kwa nusu. Mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka tatu na nusu na kijisehemu ni 3.55, ikikaribia tatu na robo tatu ni 3.73, ikipita nne kidogo ni 4.10. Kutofautisha 3.55 na 3.73 kwa macho ni kazi, kwa hiyo zungusha tairi mara ishirini uhesabu propela halafu ugawe kwa kumi, hapo haikudanganyi. Na kama kifuniko cha difu kimefunguliwa kwa sababu yoyote, angalia pembeni mwa kraunwili, mara nyingi idadi ya meno imegongwa palepale.

4. Zidisha na gia ya kwanza

Hii ndo hatua inayobadilisha mawazo ya watu. Nguvu ya kuondoka na mzigo haitoki kwenye difu tu, inatoka kwenye gia namba moja ikizidishwa na difu.

Chukua Silverado 1500 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yenye ile giaboksi ya gia nne, 4L60E, gia ya kwanza ni 3.06. Funga 4.10 yako unayoisifia, 3.06 mara 4.10 ni 12.5. Chukua F-150 yenye gia sita, ya kwanza ni 4.17, na difu 3.73, unapata 15.6. Chukua F-150 ya gia kumi, ya kwanza 4.69 na difu 3.55 tu, unapata 16.7. Umeona? Ile 3.55 ya leo inaondoka na mzigo kwa nguvu kuliko 4.10 ya zamani, na bado ikifika haiwe inatembea imetulia. Ram 1500 ya gia nane nayo gia ya kwanza ni 4.71, kwa hiyo hata ile 3.21 yao ambayo kila mtu anaidharau inatoa 15.1, na 3.92 inatoa 18.5.

Hii haina maana 3.21 ni sawa na 3.92. Kiwanda kinaziwekea viwango tofauti vya kuvuta na tofauti ni ya maelfu ya paundi kwa gari ileile injini ileile, na cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye jedwali la kuvuta la mwaka wa gari yako. Hicho kiwango hakikutoka hewani. Kwenye kipimo cha SAE J2807, kipimo cha kuvuta cha chama cha wahandisi wa magari, ambacho Toyota walitangulia kukitumia kwa Tundra ya 2011 na wengine wakafuata, gari inapelekwa na trela yake kwenye mlima wa Davis Dam kule Arizona, maili 11.4 za kupanda, AC imewashwa mpaka mwisho, na pikapu ya tairi mbili nyuma hairuhusiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Pia inasimamishwa kwenye mwinuko wa asilimia 12 iondoke, mara tano, mbele na kinyumenyume. Kwa hiyo kama kwenye jedwali 3.21 imeandikwa 8,000 na kitu na wewe una 11,000, mjadala umeishia hapo.

5. Piga hesabu ya RPM kwa tairi zako

Kanuni ni hii: spidi kwa maili mara 336, gawanya kwa urefu wa tairi kwenda juu kwa inchi, zidisha kwa difu, zidisha kwa gia uliyopo. Ukitumia kilometa, badala ya 336 weka 209.

Urefu wa tairi unautoa kwenye maandishi yake. 275/65R18: 275 mara 0.65 ni milimita 178.75, mara mbili 357.5, jumlisha rimu ya inchi 18 ambayo ni milimita 457, unapata 815 hivi, gawanya kwa 25.4, inchi 32.1.

Haya, F-150 yetu ya gia kumi kwenye haiwe, maili 65, gia ya mwisho 0.636. Ukiwa na 3.55 injini inazunguka 1,536. Ukiwa na 3.73 inazunguka 1,614. Tofauti haifiki hata 80! Ndo maana nasema mtu anayeng'oa 3.55 kuweka 3.73 anatupa pesa, ni asilimia 5 tu hiyo, hutaisikia mguuni. Kama umeamua kubadilisha basi ruka, 3.55 nenda 4.10 ambayo ni zaidi ya asilimia 15, au zaidi ya hapo. Kama bado unachagua gari ya kununua na bei ni moja, chukua 3.73 bila kufikiria sana, hasa kwa sababu kwa Ford mara nyingi inakuja na vitu vingine vya kuvutia, rejeta kubwa na difu yenye loki, na hivyo vingine ndo vina faida zaidi kuliko ile asilimia 5.

6. Sasa weka mlima

Barabara tambarare ya I-20 Texas haitakwambia kitu, pale hata difu mbovu inavuta. Weka mlima wa asilimia 6, kama ile ya Grapevine kwenye I-5 California au Cabbage Hill kwenye I-84 Oregon. Zile paundi zetu 16,800, tuzitumie kwa hesabu tu hata kama tumeshaona zinaizidi F-150 mgongoni, kwenye asilimia 6 zinakuvuta nyuma kwa paundi elfu moja hivi. Ongeza msuguano wa tairi na upepo, magari mawili juu ya trela ya wazi, tuseme jumla 1,600. Kutembea maili 55 hapo unahitaji 1,600 mara 55 gawanya kwa 375, ni farasi 235 kwenye tairi, na kwa kuwa zingine zinapotelea njiani injini itoe kama 275.

V8 ya 5.0 isiyo na turbo inatoa 275 ikiwa karibu na RPM 3,700. Angalia gia zinaangukia wapi. Kwa 3.55, gia ya nne iko 3,600, pungufu kidogo, kwa hiyo giaboksi itashuka gia ya tatu na utasikia injini inalia 4,400. Kwa 3.73, gia ya nne iko 3,800 na inatosha kwa shida shida. Kwa hiyo mmoja anapanda kwa 3,800 mwingine kwa 4,400, na wote wawili wako maili 55 na wote watafika. Kelele ya injini sio ugonjwa. Watu wanaogopa RPM 4,000 wanakanyaga kidogo ili isishuke gia, kumbe kinachoua giaboksi ni hiyo kujilazimisha gia kubwa RPM ya chini, konvata, ile inayounganisha injini na giaboksi kwa oili, haifungi, oili inachemka.

Ukienda juu zaidi mambo yanabadilika. Handaki la Eisenhower kwenye I-70 Colorado liko futi 11,158. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 kwa kila futi elfu, kwa hiyo pale juu theluthi ya nguvu imekwenda na mwinuko ni asilimia 7. Mtu anayefanya kazi Denver kwenda magharibi kila wiki kwa V8 ya petroli, huyo ndo mwenye haki ya kudai 4.10 au 4.30. Au achukue yenye turbo, na kwa mtazamo wangu hiyo ndo pesa iliyotumika vizuri zaidi.

7. Kwa hiyo nani achukue nini

Petroli ya gia nne: 4.10, au 3.73 kama mzigo hauzidi paundi 6,000 na uko kwenye tambarare. Hizi gari gia zimeachana sana, kutoka gia ya tatu ya 1.00 kwenda ya pili ya 1.63 ni shimo, difu ndo inaziba.

Petroli ya gia sita: 3.73 kwa nusu tani, yaani daraja la F-150. Robo tatu tani ya petroli kama F-250 ya 6.2, chukua 4.30 kama trela ndo kazi yako, 3.73 kama ni ya wikiendi.

Gia nane au kumi kwenye nusu tani: soma jedwali la kiwanda, chukua inayobeba uzito wako na ibaki akiba kama asilimia 15 hadi 20, usihangaike na namba.

EcoBoost 3.5, ile V6 ya Ford yenye turbo: 3.55 inatosha watu wengi sana, ina nguvu ya kusokota mapema na milimani haichoki.

Dizeli: hapa namba zinashuka na watu wanashangaa. Dizeli haipendi kuzunguka. Duramax, dizeli ya Chevrolet na GMC, walikuwa wanakuja na 3.73, walipoingiza gia kumi kwenye HD (pikapu zao za kazi nzito) za 2020 wakaenda 3.42 na uwezo wa kuvuta ukapanda badala ya kushuka. Cummins ya Ram 3500 yenye tairi nne nyuma, 3.73 kwa mtu anayetembea mbali, 4.10 kwa mtu wa guzineki nzito kila siku, ile trela inayofungwa katikati ya bodi juu ya ekseli. Ukifika huko kumbuka pia leseni: jumla ikizidi paundi 26,000 na trela yenyewe imepita 10,000 unaingia kwenye CDL ya Class A, leseni ya udereva wa kibiashara, wengi wananunua 4.10 na guzineki ya futi 40 halafu ndo wanashtukia.

Na kampa. Uzito wake mdogo lakini ina uso mpana na mrefu, kuivuta maili 70 ni kama kusukuma ukuta, kwa hiyo ongeza daraja moja la difu kuliko uzito unavyosema au punguza spidi ufike 62. Kupunguza spidi ni bure.

8. Ukiweka tairi kubwa umeshabadilisha difu

Hii inasahaulika sana. 3.73 yako na tairi za inchi 32.1, ukiweka 35 kwa ajili ya muonekano, gari inajisikia kama ina 3.42. Na breki nazo zinapata kazi zaidi. Kurudi ulipokuwa: 3.73 mara 35 gawanya 32.1, ni 4.07, kwa hiyo 4.10. Hapo ndo kubadilisha difu kuna sababu ya kweli.

9. Ukiamua kubadilisha

Kama ni 4x4 lazima ubadilishe mbele na nyuma, zote namba moja, hakuna kujadiliana. Ukiwa na 4.10 nyuma na 3.73 mbele siku utakayoingiza 4x4 kwenye lami, kile kisanduku cha kugawa nguvu kinajikaza mpaka kitu kivunjike. Hili nyumbani linawapata sana wenye Hilux, mtu anaenda Gerezani kule Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi ananunua difu ya nyuma iliyotumika, ameambiwa ni ya Hilux, ni kweli ni ya Hilux, lakini kuna Hilux za 3.909, 4.10, 4.30 na 4.556, na zote kwa nje zinafanana. Hesabu meno kabla hujalipa: 43 kwa 11, 41 kwa 10, 43 kwa 10, 41 kwa 9.

Usimpe fundi wa kawaida hii kazi. Pinioni inakaa kwa kipimo cha sehemu ndogo sana za inchi, inawekwa kwa shimu, halafu kuna ule mchezo kati ya meno, halafu beringi zinakazwa kwa kiasi maalum. Muulize swali moja tu: utanionyesha alama ya rangi kwenye meno ukimaliza? Fundi anayejua anapaka rangi ya njano kwenye kraunwili, anaizungusha, na alama ya kugusana inatakiwa ikae katikati ya jino, isiwe kwenye ncha wala kwenye shina. Akikushangaa, chukua funguo zako. Uliza pia kama kile kishikio cha kraunwili kinakubali namba mpya, baadhi ya ekseli kama Dana 44 zina mpaka, cha 3.73 kushuka chini na cha 3.92 kupanda ni tofauti, na hiyo inaongeza bei. Kompyuta ya gari nayo ipangwe upya, la sivyo spidi itasoma uongo na gia zitabadilika vibaya. Na ujue stika ya mlangoni haibadiliki kwa sababu umebadilisha difu, kiwango chako cha kisheria kinabaki kilekile.

Difu ikishafungwa, safari ya kwanza dakika 15 hadi 20 bila mzigo na bila kukimbia, zima, iache ipoe kabisa, rudia tena na tena. Maili 500 za kwanza hakuna trela, yaani hakuna, hata ile ndogo ya kubebea mashine ya nyasi. Zikiisha mwaga oili, itatoka na unga unga wa kung'aa na hiyo ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole sio kawaida, ukiviona rudisha gari kwa fundi kabla hujaweka oili mpya. Baada ya hapo anza na trela nusu mzigo kwa safari chache, na ukisikia mlio wa kuimba unaobadilika ukikanyaga na ukiachia mafuta, mpigie fundi siku hiyohiyo usisubiri uzoeleke.